Vazi la Kinga Mbele ya Mgonjwa

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imezuka katika mkoa wa Kivu ya Kaskazini, na baada ya siku chache wakazi wa Mangina na Beni, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakizikimbia bunduki za watu wa msituni, walianza kuwaona katika njia zao watu wa namna nyingine: waliofunikwa tangu utosi hadi unyayo, wasio na uso wa kutambulika, wakishuka garini, wakinyunyiza dawa, kisha wakiondoka na mgonjwa au maiti. Watu hao walikuja kuokoa. Wengi wao walikuwa Wakongo, na baadhi yao walizaliwa katika mitaa ile ile waliyoingia. Walakini vazi lililowahifadhi lilikuwa limewaficha, na mtu aliyefichwa, hata nia yake iwe safi namna gani, hana njia nyepesi ya kuaminiwa na watu waliokwisha kutishwa.

Aghalabu habari za mavazi haya hujadiliwa kama habari za bohari: glavu ngapi zimefika, ovaroli ngapi zimebaki, nani atalipa nauli ya ndege. Hesabu hiyo ni ya lazima, na aliyewahi kukosa glavu mbele ya mgonjwa anayetapika damu hatakubali ibezwe. Lakini rai yangu ni kwamba hesabu peke yake haitoshi. Vazi la kinga ni sehemu ya muamala baina ya tabibu, mgonjwa na jamaa zake, na nguvu yake hutegemea mambo mawili ambayo kiwanda hakiwezi kuyashona ndani yake: linavaliwa mbele ya nani, na nani amelipata kwanza. Pale mambo hayo mawili yalipopuuzwa, kitambaa bora kabisa kilishindwa kazi. Na pale yalipozingatiwa, hata kidogo kilichopatikana kiliokoa roho nyingi.

Kwanza tulitazame lenyewe lilivyo. Ebola, kama Marburg iliyo ndugu yake, hupita katika damu, matapishi, uchafu wa kuhara na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti, nayo humwingia mwenye siha kwa njia ya macho, pua, kinywa au mchubuko wa ngozi. Kwa hiyo kazi ya vazi ni kuifunga milango hiyo yote. Muuguzi anayeingia wodi ya wagonjwa hao huvaa mabuti ya mpira, glavu za kwanza, ovaroli au joho lisilopitisha maji, barakoa, kofia ya kufunika kichwa na shingo, miwani mipana inayoshika uso au ngao ya uso, aproni nzito, kisha glavu za pili juu ya zile za kwanza. Mwenzake humzunguka akimkagua, akitafuta mahali palipobaki wazi, kisha humwandikia kifuani jina lake na saa ya kuingia, kwa maana ndani ya vazi hilo hata marafiki hawatambuani, na saa ni jambo la uhai.

Ni jambo la uhai kwa sababu ya joto. Plastiki isiyoruhusu damu kuingia hairuhusu mvuke kutoka, na mwili wa binadamu, ambao katika nchi zetu za joto hupoa kwa kukauka kwa jasho, hunyimwa njia yake kuu ya kupoa. Jasho hujaa katika mabuti, miwani hushika ukungu, na kichwa huanza kuwa kizito. Ndiyo maana zamu ya ndani huwa ya dakika 45 au saa moja, na ukungu ukiwahi, mtu hutoka kabla ya hapo. Nani basi anayelipa dakika hizo? Ni mgonjwa. Mshipa wake unatafutwa kwa vidole vilivyovikwa mara mbili na macho yasiyoona sawasawa, na anayemtafutia mshipa huo ataondoka huenda kabla ya chupa ya dripu kufika nusu. Kila tabaka linaloongezwa juu ya muuguzi hupunguza sehemu ya uuguzi, na jambo hili halikosi kusemwa na waliofanya kazi hiyo, ingawa ni nadra kuandikwa katika orodha za manunuzi.

Fauka ya hayo, hatari kubwa haimo katika kulivaa vazi wala katika kukaa nalo, bali katika kulivua. Anayetoka amechoka, ana kiu, na upande wa nje wa nguo yake umebeba maradhi aliyokuwa akiyapiga vita. Hapo ndipo huhitajika msimamizi wa kumwamrisha hatua kwa hatua: osha mikono kwa maji ya klorini, vua aproni, osha tena, vua miwani kwa kuinama na kufumba macho, osha tena, shusha ovaroli ukiikunja kwa ndani, usiguse uso. Klorini ya asilimia 0.5 hutumika kwa glavu na vyombo, na ile nyepesi ya asilimia 0.05 kwa mikono mitupu. Mnamo Oktoba 2014 muuguzi mmoja wa Madrid, aliyekuwa amemhudumia padri mmisionari aliyerudishwa kutoka Afrika ya Magharibi, aliambukizwa, na mwenyewe alieleza kwamba huenda aligusa uso wake kwa glavu alipokuwa akivua. Mwezi huo huo wauguzi wawili wa Dallas, Marekani, waliambukizwa na mgonjwa mmoja katika hospitali yenye kila aina ya kifaa. Wote watatu, alhamdulillahi, walipona. Mamlaka ya afya ya Marekani ilibadili maagizo yake tarehe 20 Oktoba, ikataka ngozi yote ifunikwe na kila mtu avishwe na kuvuliwa mbele ya msimamizi.

Hapo pana mjadala wa kitabibu ambao haujafungwa. Mwezi huo huo Shirika la Afya Duniani lilipotoa miongozo yake lilikiri kwamba hapakuwa na ushahidi wa kulinganisha ovaroli na joho ili ijulikane lipi linakinga zaidi, likaacha nchi zichague. Wako wanaoshikilia kwamba asionekane hata ukucha. Wako wanaojibu kwamba kila kipande kinachoongezwa ni hatua nyingine ya kuvua, na kila hatua ya kuvua ni mlango mwingine wa makosa. Mimi naona hoja ya pili ina uzito zaidi kuliko inavyopewa, kwa kuwa binadamu hachoki katika karatasi za miongozo, huchoka katika jua la adhuhuri. Mafundi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walielewa hivyo walipobuni ovaroli inayofunguka mgongoni, ili avuaye atoke ndani yake kwa hatua chache bila mkono wake kupita karibu na uso.

Lakini hakuna ufundi unaoweza kumwondolea tabibu mtihani wa saa ya taharuki, na kwa hilo Afrika ya Mashariki ina shahidi wake. Oktoba 2000 Ebola ilipozuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, Dakta Matthew Lukwiya aliacha masomo yake Kampala akarudi katika hospitali ya Lacor aliyokuwa akiisimamia, akayatambua maradhi, akatenga wodi, akawafundisha wauguzi wake kuvaa na kuvua, na alipoona wanakufa mmoja baada ya mmoja alibaki nao badala ya kuwaamuru wabaki wao. Usiku mmoja wa Novemba muuguzi aliyelazwa wodini, akivuja damu na akili ikiwa imempotea, aliinuka kitandani. Dakta Lukwiya aliitwa, akaenda mbio akiwa na barakoa, joho na glavu, bila kinga ya macho. Inaaminika kwamba hapo ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba, naye hakuwa wa kwanza katika hospitali ile, kwani Lacor ilipoteza watumishi zaidi ya kumi. Nimesikia watu wakikitaja kisa hiki kama taksiri, kana kwamba aliyeusia wengine hadhari aliisahau yeye. Siafikiani nao hata kidogo. Mgonjwa akianguka usiku, moyo wa tabibu hutangulia mkono wake, na mpango wowote wa kinga usiojua hivyo umepangwa kwa ajili ya viumbe wengine.

Fikira ya kumfunika tabibu si ya jana. Katika karne ya 17 Charles de Lorme, tabibu wa wafalme wa Ufaransa, anatajwa kuwa ndiye aliyebuni joho refu na kinyago chenye mdomo wa ndege kilichojazwa viungo vya harufu nzuri, kwa imani kwamba tauni huletwa na hewa iliyooza. Imani ilikuwa ya makosa, ingawa joho lenyewe huenda lilizuia viroboto, ambao wakati huo hawakujulikana kuwa ndio wenye hatia. Glavu za mpira ziliingia katika upasuaji huko Baltimore karibu na mwaka 1890, pale William Halsted alipomwagizia muuguzi wake glavu kwa sababu dawa za kusafishia zilikuwa zikimuunguza mikono. Na barakoa ya leo ina deni kwa Wu Lien-teh, tabibu mzaliwa wa Penang, ambaye tauni ya mapafu ilipozuka Manchuria mwishoni mwa 1910 alishika kwamba maradhi yale yanapita katika pumzi, akawashonea watu vitambaa vya pamba vya tabaka kadhaa vya kufunga puani na kinywani. Gérald Mesny, tabibu Mfaransa aliyemzidi umri na cheo, hakukubali rai ya kijana yule. Aliingia kwa wagonjwa bila barakoa, na kabla ya Januari 1911 kwisha alikuwa amekufa kwa tauni. Waliokufa katika balaa ile walikuwa karibu 60,000, na barakoa ya pamba ilipata heshima yake kwa thamani hiyo ya kutisha.

Sasa nirudi kwa watu wanaolitazama vazi kutoka nje, maana hapo ndipo penye uzito wa shauri langu. Huko Womey, nchini Guinea, Septemba 2014, ujumbe wa viongozi, watumishi wa afya na waandishi wa habari waliokwenda kueleza habari za Ebola ulishambuliwa, na wanane wakauawa. Mjini Katwa na Butembo, Februari 2019, vituo vya matibabu vilichomwa na kushambuliwa katika juma moja. Tarehe 19 Aprili Dakta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya Butembo. Haitakuwa haki kusema vazi ndilo lililoleta chuki ile. Watu wa Beni na Butembo walikuwa wamechinjwa kwa miaka bila dunia kugeuka. Desemba 2018 walizuiwa kupiga kura ya urais kwa hoja ya Ebola na usalama, ilhali sokoni na kanisani walikuwa wakiruhusiwa kukusanyika. Na waliona magari na fedha za kile walichokiita Riposti, yaani kampeni ya kupambana na Ebola, vikimiminika kwa maradhi mamoja wakati malaria na surua vinawaua watoto wao kimyakimya. Chuki ilikuwa na asili yake. Lakini vazi liliipa sura, au tuseme liliinyima sura iliyo ya binadamu: mtu asiye na uso anapomchukua mama yako, na mama harudi, unaweza kuamini neno lolote utakaloambiwa juu yake.

Hata mahali pasipo vita jambo hilo limeonekana. Katika kaunti ya Siaya, nchini Kenya, Aprili 2020, picha za watu waliovaa mavazi ya kinga wakimzika marehemu usiku, upesi na bila jeneza, kwa kuwa alidhaniwa kufa kwa korona, ziliamsha fadhaa na hasira nchi nzima. Waliozika walidhani wanahifadhi siha ya umma. Wenye msiba waliona mayiti wao akitupwa.

Dawa ya jambo hili ilikwisha kupatikana zaidi ya miaka mitano kabla yake, na ni rahisi mno hata mtu hujiuliza kwa nini ilichelewa. Mwishoni mwa 2014 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Msalaba Mwekundu na mashirika ya dini, lilitoa utaratibu wa maziko salama yenye heshima, na hatua zake za mwanzo hazihusu klorini. Timu ifikapo nyumbani isishuke ikiwa imevaa. Ishuke kwa nguo za kawaida, isalimie, itoe pole, imtambue mkubwa wa familia, ieleze kitakachofanywa, ipate ridhaa. Ndipo ivae mbele ya macho ya watu, ili jamaa waone kwamba aliye ndani ya vazi ni yule yule aliyewashika mkono kwa maneno muda mfupi uliopita. Jamaa wapewe nafasi ya kuomba, kuchimba kaburi na kutazama kwa mbali panapostahili. Kwa marehemu Mwislamu, maadamu kuoshwa kwa maji ni hatari kwa walio hai, utaratibu uliruhusu tayamamu kufanywa juu yake na mmoja wa waliovaa kinga, na sanda nyeupe isikosekane. Sheria ya dini inaijua dharura tangu zamani. Kilichohitajika ni watu wa tiba kuketi na masheikh na mapadri wakaulizana. Nathubutu kusema kwamba dakika zile za pole zilizotangulia kuvaa zilikinga wazikaji wengi zaidi kuliko aproni zao, maana nyumba iliyoheshimiwa haifichi maiti wa pili.

Wengine walitafuta njia za kuurudisha uso. Mary Beth Heffernan, msanii wa Kimarekani, alikwenda Liberia mwaka 2015 akawapiga picha wahudumu wakitabasamu, na picha hizo zikabandikwa vifuani juu ya vazi, ili mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kuona uso wa mtu ajue anahudumiwa na nani. Huko Beni shirika la ALIMA lilileta mwaka 2018 chumba cha kuta za plastiki angavu, kiitwacho CUBE, chenye mikono ya glavu iliyoshonwa ukutani, ambamo muuguzi aliye nje huweza kumpima na kumtibu mgonjwa aliye ndani bila kuvaa ovaroli, na mke huweza kumwona mumewe, akazungumza naye, akajua kwamba hakufanyiwa la siri. Chumba hicho kina maana kubwa kuliko ufundi wake: kinga ilitolewa mwilini mwa muuguzi ikawekwa katika ukuta, na dakika alizokuwa akinyang'anywa na joto zikarudi kwa mgonjwa. Chanjo nayo, ambayo huko Kongo walipewa watu zaidi ya 300,000 katika mlipuko ule, iliwapa wahudumu kinga isiyoonekana chini ya ile inayoonekana. Hata hivyo, mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa kati ya 3,470 walioambukizwa.

Lipo jambo ambalo wasimamizi wa bohari wangeweza kulitengeneza kesho wakitaka. Katika kila watumishi kumi wa afya duniani karibu saba ni wanawake, ilhali ovaroli, barakoa na miwani vimezoea kukatwa kwa kipimo cha mwili wa mwanamume mkubwa. Muuguzi mwembamba anayetembea na nguo inayoburuta na barakoa inayoacha mwanya shavuni hajapewa kinga, amepewa mzigo. Vipimo vidogo viagizwe. Hilo halihitaji kongamano.

Linabaki swali la nani apewe kwanza, na hapa mambo yetu hayajanyooka. Ebola ilipozuka Kikwit, katika Kongo ya leo, mwaka 1995, watumishi wa afya wapatao 80 walikuwa miongoni mwa wagonjwa 315, na sehemu kubwa yao waliambukizwa kabla maradhi hayajapewa jina na kabla vifaa vya kinga havijafika. Katika mlipuko wa Afrika ya Magharibi watumishi zaidi ya 800 waliambukizwa. Mlipuko wa Uganda wa mwaka 2022 uliwaambukiza 19 na kuwaua saba, miongoni mwao tabibu kijana Mtanzania aliyekuwa huko akisomea upasuaji. Na Januari 2025, Ebola ilipotangazwa tena mjini Kampala, wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Maradhi hayagongi hodi kwenye wodi ya kutengwa yenye mahema meupe na wataalamu waliofunzwa. Huingia zahanati kwa sura ya homa, kwa sura ya malaria, kwa mama anayejifungua huku akitoka damu nyingi, na anayeyapokea ni muuguzi mwenye jozi moja ya glavu au asiye nayo, ambaye huenda amemwambia mgonjwa akanunue glavu zake duka la dawa.

Binadamu akinyimwa chombo hutafuta cha badala. Nchini Liberia mwaka 2014 mwanafunzi mmoja wa uuguzi, alipokosa hospitali ya kuwapokea jamaa zake wanne walioshikwa na Ebola, alijifunga mifuko ya taka miguuni na nyweleni, akavaa mabuti, koti la mvua, barakoa na glavu tabaka juu ya tabaka, akawauguza peke yake nyumbani. Watatu walipona, na yeye hakuambukizwa. Wakati wa korona cherehani za Tanzania na Kenya zilishona barakoa za vitambaa, na kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui kiligeuka cha barakoa kwa ajili ya nchi, katika miezi ile ambayo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba dunia inahitaji barakoa za tiba milioni 89 kila mwezi na mataifa makubwa yalikuwa yakinyang'anyana shehena. Nasifu werevu huo kwa moyo wote, lakini sitaki ugeuzwe udhuru. Mfuko wa taka ulimwokoa msichana yule kwa sababu alikuwa hodari na mwenye subira ya ajabu. Nchi haiwezi kupanga afya yake kwa kutumaini kwamba kila nyumba itapata mtu wa namna hiyo. Na uhaba ulipokwisha ulifuatwa na wingi usiopangwa: kati ya Machi 2020 na Novemba 2021 Umoja wa Mataifa ulinunua na kusafirisha tani zipatazo 87,000 za vifaa vya kinga, ambavyo sehemu yake kubwa iliishia kuwa taka katika vituo visivyo na tanuri la kuiteketeza.

Ndivyo ulivyo mwenendo: vazi hufika kwa ndege baada ya tangazo, likiwa jingi na jipya, na huondoka au kuozea bohari baada ya siku 42 za kungoja bila mgonjwa mpya. Mkoa wa Kagera, nchini Tanzania, umekwisha kupitia hayo mara mbili. Marburg ilipotangazwa wilaya ya Bukoba Machi 2023 ilikuta watu tisa na kuwaua sita, na mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Huko Biharamulo mgonjwa wa kwanza aliugua Desemba 2024, na tangazo likatoka tarehe 20 Januari 2025. Mpaka mlipuko ulipotangazwa kwisha mwezi Machi walihesabiwa wagonjwa kumi, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa, na wote kumi walikuwa wamekufa. Baina ya Desemba na tangazo lile pana majuma ambayo homa ile haikuwa na jina, na katika majuma hayo yeyote aliyeshika mkono wa mgonjwa ili ampime mapigo alikuwa na kinga ile tu ambayo kituo chake kilikuwa nayo siku ya kawaida: boksi la glavu la robo ile ya mwaka, kama lilikuwa limefika, na ndoo ya klorini, kama klorini ilikuwa imenunuliwa.